Tangazo Lililomwinua Baba Mkwe

MASWALI YA WASOMAJI
Yanajibiwa na Shangazi

Barua tulizopokea kutoka Tanga safari hii zimelizunguka jambo moja, nalo ni matangazo ya biashara yanayorushwa katikati ya vipindi ambavyo familia nzima imekaa kuvitazama. Nimeona ni afadhali nizijibu pamoja kuliko kuzitawanya katika matoleo kadhaa. Majina ya waandishi yameachwa kwa ombi lao, na barua zilizokuwa ndefu nimezifupisha bila kugusa hoja.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja ana miaka tisa na mwingine kumi na mitatu. Tunaishi Ngamiani pamoja na baba mkwe wangu. Baada ya sala ya Magharibi huwa tunakaa sote sebuleni kutazama tamthilia ya Kiswahili, ambayo hata mzee anaipenda kwa kuwa haina mambo ya kutia haya. Juma lililopita, yapata saa moja na nusu usiku, tamthilia ilikatizwa likaingia tangazo la dawa ya nguvu za kiume. Mwanamke yuko kitandani anamlalamikia mumewe kwa maneno nisiyoweza kuyaandika, kisha sauti inaahidi kwamba ndani ya siku saba ndoa itakuwa mpya. Mtoto wangu mdogo akauliza, "Mama, yule kafanyiwa nini?" Baba mkwe alichukua kofia yake akatoka barazani, wala hakurudi mpaka chakula kilipoandaliwa. Mume wangu anasema kosa ni letu, tungezima televisheni. Je, ndivyo? Na je, kuna anayeyaruhusu matangazo hayo kwa saa kama hizo, au kila kituo hujifanyia kitakavyo?
— Mama wa wawili, Ngamiani

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mumeo angekuwa na hoja kama mngekuwa mnazungumzia kipindi. Kipindi kina jina lake, kina siku na saa yake, na kikiwa cha watu wazima kituo hutoa onyo mwanzoni, kwa hiyo mzazi aliyekiacha kiendelee mbele ya watoto amechagua mwenyewe. Tangazo halimpi mtu nafasi ya kuchagua. Linaingia bila kubisha hodi, linadumu sekunde 30 au pungufu, na mpaka rimoti ipatikane chini ya mto wa kochi limekwisha kusema lote lililotumwa kusema. Watu wa Tanga walipokuwa wakienda sinema ya Majestic, mlangoni alisimama mkata tiketi aliyeweza kumrudisha mtoto ikiwa picha ilikuwa ya wakubwa. Sebuleni kwako mlinzi wa namna hiyo hayupo, na ndiyo maana kazi yake sheria imemtwika mwenye kituo.

Kabla ya sheria, ni vyema uelewe kwa nini tangazo lile liliwekwa saa ile, maana wengi wetu hudhani ni uhuni wa mtu mmoja aliyeko studio. Televisheni ya binafsi Tanzania Bara ilianza mwaka 1994, baada ya Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 kuruhusu vituo visivyo vya serikali, na tangu hapo kituo kinachotazamwa bure kimeishi kwa kuuza muda wake kwa wenye bidhaa. Bei ya muda huo hupangwa kwa wingi wa watazamaji. Saa ambayo babu, mjukuu na mkwe wamekusanyika ndiyo yenye watazamaji wengi, na kwa hiyo ndiyo saa ghali na ndiyo inayogombewa. Muuza dawa hakuwa na haja yoyote na mwanao wa miaka tisa. Alimtaka mumeo, na mumeo hupatikana mbele ya televisheni saa ileile ambayo mtoto naye yumo. Mitambo ya analojia ya Tanga ilipozimwa mwanzoni mwa mwaka 2013, nasi tukaingia kwenye ving'amuzi, idadi ya vituo iliongezeka na fedha za matangazo zikagawanywa kwa mikono mingi zaidi. Nionavyo mimi, hapo ndipo vituo vidogo vilipopoteza ubavu wa kumwambia mteja kwamba tangazo lake litangoja watoto walale.

Sasa tuje kwa mwenye kuruhusu. Hakuna ofisi inayotazama kila tangazo kabla halijarushwa. Mwenye leseni ya utangazaji ndiye anayewajibika kwa kila kinachotoka hewani kupitia kituo chake, kiwe amekitengeneza mwenyewe au ameletewa na mteja. Anayemsimamia ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na ndani ya Mamlaka hiyo ipo Kamati ya Maudhui, ambayo kazi yake ni kusimamia yanayorushwa na kusikiliza malalamiko. Kanuni za Maudhui ya Redio na Televisheni za mwaka 2018 zinamtaka mwenye leseni awalinde watoto dhidi ya yasiyowafaa, na saa ni sehemu ya ulinzi huo. Saa moja na nusu usiku ni saa ya familia kwa kipimo cha nchi yoyote niijuayo: Uingereza na Afrika Kusini mambo ya watu wazima husubiri saa 3 usiku, na majirani zetu wa Kenya husubiri saa 4.

Tangazo lenu, hata hivyo, lina kasoro ya pili ambayo haihusiani na saa kabisa. Tangazo la dawa linahitaji kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na kama dawa hiyo inaitwa ya asili, basi mganga na dawa yake wanapaswa kuwa wamesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Ahadi ya kwamba ndoa itakuwa mpya ndani ya siku saba ina harufu ya udanganyifu kwa mlaji, jambo ambalo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inalikataza. Nakuambia haya kwa sababu walalamikaji wengi hushika aibu peke yake, na aibu ni rahisi kubishiwa. Kituo kitakujibu kwamba wewe una haya kupita kiasi. Hakiwezi kukujibu hivyo ukikiuliza kama dawa iliyotangazwa ina kibali.

Kwa hiyo andika. Najua kwamba mambo haya huzungumzwa barazani, kwenye vikoba na katika makundi ya simu, watu wakalaani, wakacheka, yakaisha. Kamati haifanyii kazi yaliyosemwa barazani. Barua yako isianze kwa kusema kwamba matangazo ya siku hizi yanaharibu maadili, kwa sababu hakuna atakayejua afanye nini na sentensi hiyo. Taja kituo, tarehe, saa na dakika, jina la tamthilia iliyokatizwa, jina la dawa, maneno mawili matatu yaliyosemwa, na umri wa watoto waliokuwapo. Mfano wake ni huu: "Jumanne ya tarehe fulani, saa 1:34 usiku, katikati ya tamthilia fulani, mlirusha tangazo la dawa fulani lenye mazungumzo ya chumbani. Waliokuwa wakitazama ni pamoja na watoto wa miaka tisa na kumi na mitatu. Naomba kujua kama dawa hiyo ina kibali cha kutangazwa, na kama mtaliondoa tangazo hilo katika saa za familia." Likirudiwa kesho yake, lirekodi kwa simu na uongeze tarehe ya pili, kwani tangazo lililorudiwa haliwezi kuitwa bahati mbaya. Vituo hutakiwa kuhifadhi nakala za vilivyorusha kwa muda maalumu, kwa hiyo usikae miezi ndipo uandike.

Barua ya kwanza iende kwa kituo chenyewe, nawe ubaki na nakala. Usipojibiwa, au ukajibiwa kwa maneno matupu, peleka nakala hiyo kwa TCRA, ambayo makao yake makuu yako Mawasiliano Towers, Barabara ya Sam Nujoma, Dar es Salaam, na nyingine kwa TMDA kuhusu suala la dawa. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, lililoundwa kwa ajili ya watu kama wewe, ingawa wengi hawajui kwamba lipo. Kamati ya Maudhui imewahi kuvionya vituo na kuvitoza faini, kwa hiyo usidhani unaandikia ukuta.

Mawili ya nyumbani. Kwa baba mkwe usiende wewe kuomba radhi, kwani kufanya hivyo ni kulirudisha tangazo sebuleni kwa mara ya pili. Mumeo amwambie baba yake, kwa sentensi moja, kwamba mmekilalamikia kituo. Na mtoto usimfukuze kwa swali lake. Mwaka 2004 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilipokusanya tafiti kuhusu jambo hili kilieleza kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba au minane hajaweza kutambua kuwa tangazo lina nia ya kumshawishi, na hulipokea kama habari ya kweli. Wako amekwisha kuvuka hapo. Mwambie kwamba wale ni waigizaji waliolipwa ili watu wanunue dawa, kisha mrudi kwenye tamthilia. Jibu hilo ni la kweli na linamtosha.

SWALI: Salaam, Shangazi. Mimi na mwanangu wa miaka kumi na moja ni watu wa mpira. Coastal Union ikicheza Mkwakwani tunakwenda uwanjani, na mechi nyingine tunazitazama nyumbani. Nimegundua kwamba kijana huyu anazijua odi, yaani zile namba zinazoonyesha dau la kubeti litalipwa mara ngapi, kuliko anavyoijua jedwali ya kuzidisha. Juzi timu iliposawazishiwa dakika za mwisho akapiga paja akasema, "Mkeka umechanika!" kama wasemavyo wanaobeti tikiti yao ya ubashiri ikipoteza. Hana simu, hana fedha, wala hajawahi kubeti. Mimi pia sibeti. Ameyatoa wapi?
— Baba, Makorora

JIBU: Unajua alikoyatoa, ndugu yangu, maana mlikuwa mmekaa kochi moja. Kabla ya mechi kuna tangazo la kubeti, mapumziko kuna matatu, baada ya mechi kuna jingine, na katikati mtangazaji husoma odi kana kwamba ni sehemu ya habari za mchezo. Kati ya barua zote nilizopokea, hii ndiyo iliyonikosesha raha, ingawa ndiyo iliyoandikwa kwa utani.

Sheria yetu ya michezo ya kubahatisha ya mwaka 2003, iliyoiunda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, haimruhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza. Lakini mtu halazimiki kuruhusiwa kucheza ili afundishwe kucheza, na mpira wa miguu umekuwa darasa lake. Tangazo la kubeti humleta mchezaji au msanii ambaye mtoto anampenda, humwonyesha kijana aliyeshinda akiwa na gari jipya, na halimwonyeshi hata mara moja yule aliyepoteza kodi ya nyumba. Onyo la kwamba ucheze kistaarabu hupita mwishoni kwa kasi ya mnadi wa samaki. Mtoto akilitazama hilo kila Jumamosi kuanzia darasa la tatu, siku atakapotimiza miaka 18 hatakuwa na cha kuamua, kwa kuwa uamuzi umekwisha kufanywa kwa niaba yake.

Wenzetu waliotangulia katika janga hili wamejaribu njia kadhaa. Nchini Uingereza, tangu Agosti 2019, makampuni ya kubeti yalikubaliana yenyewe kutotangaza kuanzia dakika tano kabla ya mechi kuanza hadi dakika tano baada ya kipenga cha mwisho, kwa mechi zinazoanza kabla ya saa 3 usiku. Mwezi Aprili 2023 vilabu vya Ligi Kuu ya huko vikakubaliana kuyaondoa majina ya makampuni hayo kifuani mwa jezi kufikia mwisho wa msimu wa 2025/26. Italia ilipitisha katazo la matangazo ya kubahatisha mwaka 2018. Kenya, ambako mambo yalifanana sana na ya kwetu, bodi iliyokuwa ikisimamia michezo hiyo ilisimamisha matangazo yote kwa siku 30 mwezi Aprili 2025. Kwetu mwelekeo umekuwa wa upande mwingine: mwaka 2017 kampuni moja ya kubeti ilizidhamini Simba na Yanga kwa pamoja, na tangu hapo si rahisi kuutazama mpira bila kuitazama biashara hiyo.

Hapo pana jambo unalopaswa kulitenganisha utakapoandika malalamiko. Maandishi ya kwenye jezi na kwenye mabango ya uwanjani kituo hakina uwezo wa kuyafuta, na ukiyalalamikia utajibiwa hivyo na barua yako itaishia hapo. Matangazo ya wakati wa mapumziko, na odi zinazosomwa na mtangazaji, ni ya kituo na yanaweza kuhamishwa. Lalamikia hayo tu, kwa tarehe na dakika kama nilivyomweleza mama wa Ngamiani, na nakala moja iende kwa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha.

Huku ukisubiri majibu, chukua karatasi na penseli ukae na mwanao, kwani hesabu anazozipenda zinaweza kumponya. Mwambie achukue mkeka wa mechi kumi, na tumpendelee kwa kudhani kwamba kila mechi ana nafasi nusu kwa nusu ya kupatia, jambo ambalo ni ukarimu mkubwa, maana mechi ina matokeo matatu. Aandike mbili mara kumi, azizidishe zote pamoja, na atapata 1,024. Maana yake ni kwamba mikeka 1,024 ikiandikwa kwa namna zote zinazowezekana, mmoja ndio utakaotoka na 1,023 itachanika. Kisha mpe la pili: timu mbili zinazolingana kabisa, kila moja imepewa odi ya 1.85. Aweke shilingi 1,000 kwa kila upande. Ametoa shilingi 2,000, na yeyote atakayeshinda, yeye atalipwa 1,850. Muulize 150 zimekwenda wapi. Mtoto wa miaka kumi na moja atakaa kimya kidogo, kisha atajibu mwenyewe, na jibu alilolipata kwa penseli yake hakuna tangazo litakalomnyang'anya kwa urahisi. Jedwali ya kuzidisha nayo itakuwa imepata mwanafunzi.

Nisisahau: mkitazama mechi kwenye kibanda umiza, yaani banda la kulipia la kuonyeshea mpira, haya ya kanuni na saa hayawahusu sana, kwa kuwa hapo watoto wamechanganyika na watu wanaobeti papo hapo mbele yao. Asiende huko peke yake.

SWALI: Assalaam alaykum, Bi Shangazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Chumbageni. Naomba gazeti lenu lishike bango kuitaka Serikali ifute kabisa matangazo ya taulo za kike na kondomu katika televisheni. Zamani msichana alifundwa na somo yake ndani, na mvulana akafundwa na wanaume wenzake. Leo mambo ya siri yananadiwa wakati wa taarifa ya habari ya saa mbili.
— Mwalimu mstaafu, Chumbageni

JIBU: Wa alaykum salaam, na shikamoo Mwalimu. Kwa heshima zote, bango hilo sitalishika, au nitalishika upande mmoja tu.

Taulo za kike sioni kosa lake kwa saa yoyote. Somo uliyemtaja alikuwa na thamani kubwa, lakini si kila msichana wa leo anaye, na wapo waliolala Barabara ya Ishirini nyumba moja na wapangaji wanane bila shangazi wala nyanya karibu. Wewe ulikuwa darasani, Mwalimu, na bila shaka uliwaona wasichana waliokosa vipindi kwa siku kadhaa kila mwezi bila kusema sababu. Bunge letu lilizungumza jambo hili hadharani lilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo hizo katika bajeti ya mwaka 2018, na likalizungumza tena kodi iliporudishwa mwaka uliofuata. Lililotajwa Bungeni mbele ya Spika linaweza kutajwa sebuleni, mradi litajwe kwa adabu.

Kondomu nakubaliana nawe nusu. Elimu ya kujikinga na Virusi vya UKIMWI haiwezi kufungiwa kabatini, na ujumbe wa afya unaweza kutolewa hata saa mbili usiku kwa maneno ya staha. Kinachoudhi ni pale tangazo linapoacha afya likauza tamaa, kwa muziki na macho ya kuvutana. Hilo lihamishiwe usiku wa manane, na lisipohamishwa lalamika. Nitakuwa upande wako.

Lakini ruhusu nikuonyeshe kipimo ninachokitumia, kwa sababu ndipo tunapotofautiana. Tangazo la sigara liliondolewa kwa sheria, na sheria yetu ya udhibiti wa tumbaku ni ya mwaka 2003. Maziwa ya kopo ya watoto wachanga hayanadiwi kwa wazazi, kwa kufuata mwongozo wa kimataifa uliopitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1981. Sigara na maziwa ya kopo havina aibu yoyote. Unaweza kuvitazama na mkweo bila kuinamisha kichwa. Viliondolewa kwa sababu vinadhuru. Sasa hebu tuitazame bia. Tangazo lake huja katikati ya vipindi vya familia likiwa na ngoma nzuri, vijana wenye afya na bendera ya taifa karibu, wala hakuna anayetoka kwenda barazani. Katika barua zote za toleo hili sikukuta hata moja inayoilalamikia, ilhali tangazo la taulo za kike limeandikiwa barua nne. Nakuomba uliwazie hilo, kisha ukipenda uniandikie tena, na barua yako nitaichapa hata ukinipinga.

SWALI: Shangazi, king'amuzi chetu kina sehemu ya kuweka namba ya siri. Nikiiweka, matangazo mabaya yatazuiwa?
— Kijana wa Mikanjuni

JIBU: Hayatazuiwa. Namba hiyo inaweza kufunga chaneli nzima, au kipindi kilichotiwa alama ya umri na kituo. Tangazo halitiwi alama hiyo. Likiwa ndani ya kipindi cha watoto, king'amuzi kinalihesabu kuwa ni sehemu ya kipindi cha watoto. Iweke kwa ajili ya chaneli za usiku, na ubadilishe namba iliyowekwa kiwandani, maana wadogo zako wanaijua.

SWALI: Habari za kazi, Bibi Shangazi. Mimi na wenzangu tunatengeneza sabuni za mwani hapa Tanga, na tumeweka akiba ili tujitangaze katika televisheni kwa mara ya kwanza. Wakala ametupa kifurushi cha bei nafuu ambacho kituo ndicho kitakachochagua saa. Sabuni haina ubaya wowote. Kuna la kuangalia?
— Katibu wa kikundi, Tanga

JIBU: Nzuri, mwanangu, na hongereni kwa akiba. La kuangalia ni hilohilo la saa. Kifurushi cha namna hiyo ni nafuu kwa sababu kituo huyatumia matangazo yenu kuziba mapengo yaliyobaki baada ya wateja wakubwa kuchagua. Leo mtawekwa saa 9 usiku, wakati wateja wenu wamelala, na kesho mtawekwa kati ya dawa ya nguvu za kiume na kampuni ya kubeti, na mama aliyekasirika hatakumbuka ni lipi kati ya matatu lililomuudhi. Sehemu kubwa ya vurugu niliyoijibu hapo juu hutokana na vifurushi hivi, ambapo mwenye bidhaa hajui tangazo lake limewekwa wapi na anayepanga ratiba hakulitazama.

Mwambieni wakala mnataka mara chache zaidi lakini kwa saa mtakazozitaja, na kwamba mkataba uandike vipindi ambavyo tangazo lenu litakaa. Kwa sabuni, mchana wa kipindi cha akina mama unawatosha. Dai pia orodha ya urushaji kila mwisho wa juma, yenye tarehe, saa na dakika ya kila tangazo, kwa kuwa kituo huwa nayo na mteja anayelipa ana haki ya kuiona. Na msiweke katika tangazo neno lolote la kutibu chunusi wala kung'arisha ngozi, kama sabuni haijapimwa na kuthibitishwa kufanya hivyo. Mkilisema, mtakuwa mmetoka kwenye sabuni mkaingia kwenye dawa, na barua ya mama wa Ngamiani itakuwa inawahusu.